Steringi Hafi, Adui Je?

Damu yetu ilikuwa ya mabuyu.

Nyanya hupika mabuyu kila Alhamisi, sufuria moja kubwa ya kuwauzia watoto wa mtaa na duka moja la karibu. Kabla ya kutia mbegu kuna dakika chache ambapo sukari, maji, rangi nyekundu, iliki na pilipili vinachemka pamoja mpaka viwe kitu kizito chenye kung'aa. Siku hiyo nilikuwa nimekalia mbuzi ya kukunia nazi nikimtazama akikoroga, nikasema moyoni: hii hapa. Nikamwomba kikombe kimoja. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia natengeneza slasha.

"Slasha ya kukatia nyasi?"

Nilisahau. Kwa Kenya nzima slasha ni kile chuma bapa kilichokunjwa nchani, tulichopewa shuleni kila tulipochelewa, ukafyeka uwanja mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ikabidi nimweleze. Kuna aina ya filamu, Nyanya. Kuna mtu ana kisu, au panga, kajificha uso, awaua vijana mmoja mmoja mpaka abaki msichana mmoja.

"Na huyo msichana?"

"Apona."

"Na mwenye panga?"

Hapo nilinyamaza kidogo, manake jibu la kweli ni kwamba huwa hafi. Wamchoma, wampiga risasi, aanguka kutoka ghorofani, na ukigeuka kumtazama hayupo. Nikamwambia hivyo. Nyanya akazima jiko.

"Hiyo si senema," akasema. "Hiyo ni Kisauni."

Kikombe alinipa lakini.

Kwa msomaji asiyeijua Mombasa: Kisauni iko bara, upande wa kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali kutoka kisiwani. Watu wanaishi huko kama wanavyoishi kwingine, wanafanya biashara, wanaoa, wanaswali, wanalalamikia maji. Ila kwa miaka mingi sasa jina lake likitajwa kwenye redio huwa ni habari ya vijana wenye mapanga. Tulizoea majina ya magenge kama tulivyozoea majina ya timu za mpira, Wakali Kwanza, Wakali Wao, na wengine waliotoka humo humo. Wanakuja kumi, kumi na tano, wengine watoto kabisa, wanapita mtaa mmoja wakikata yeyote aliye njiani na kuchukua simu.

Binamu yangu alikuwa njiani. Ilikuwa saa tatu usiku, ametoka kazini kwenye duka la simu mjini, ameshuka matatu, amebakisha kama dakika nne kufika kwao. Mkono wake wa kushoto una kovu linaloanzia chini ya kiwiko na kuzunguka hadi karibu na kifundo, kama mzizi. Nyuzi kumi na nne. Aliuinua mkono kujikinga kichwa. Tangu hapo akichelewa kazini hulala kwetu Mji wa Kale, Kibokoni, chumba cha juu kwa Nyanya, ambacho ni chumba changu pia. Ndivyo filamu ilivyoanza. Vijana wawili, godoro moja, simu moja yenye kamera nzuri, na usingizi haupatikani.

Kuhusu mimi sina mengi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, Nairobi, nikarudi kwa basi la usiku na begi moja. Sasa nalipwa kwa idadi ya maneno. Nimeandikia tovuti za mahoteli kuhusu fukwe nyeupe mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nimeusifu Mji wa Kale kwa mteja ambaye nina hakika hajawahi kuuona, "vichochoro vyenye siri na harufu ya viungo," na nikiwa naandika hivyo harufu iliyokuwa ikiingia dirishani ni ya mtaro. Mamangu yuko Muscat, afanya kazi nyumba ya watu. Mwaka jana alinitumia shilingi 15,000 nianze kulipa nirudi chuo. Filamu iligharimu 11,400. Hili nalisema hapa kabla sijamwambia yeye, na najua si utaratibu mzuri.

Muswada wa kwanza niliuandika kwa siku mbili. Muuaji alikuwa kijana wa kawaida, amevaa jaketi lenye kofia ya kujifunika na ile barakoa nyeusi iliyobaki tangu wakati wa korona. Nilidhani hapo ndipo nguvu yake ilipo. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu filamu hizi, jinsi zinavyotengenezwa kwa pesa za sigara. *Halloween* ya John Carpenter, mwaka 1978, ilitengenezwa kwa dola kama 300,000 hivi, na uso wa yule muuaji ni kinyago cha Kapteni Kirk wa *Star Trek* kilichonunuliwa dukani kwa chini ya dola 2, wakakipaka rangi nyeupe. Nikasema kinyago cha bei rahisi kwetu ni barakoa. Ukweli wa mtaa. Nikampa binamu simu asome.

Alisoma kurasa tatu akaiweka simu kifudifudi juu ya godoro.

"Huyu namjua," akasema.

Hakukasirika. Alisema kama mtu anavyosema huyu tulisoma naye. Halafu akageukia ukutani, na mimi nikabaki na muswada wangu wa ukweli wa mtaa.

Aliyetuokoa ni babake, mjomba wangu. Mjomba huvuka kila siku kutoka Kisauni kuja kukaa baraza ya mamake, anywe kahawa tungu, agombane na wenziwe kuhusu mpira na siasa. Yeye ni wa kizazi cha majumba ya senema. Ukimwacha atakuhesabia: Regal, Majestic, Naaz, Kenya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonyesha filamu leo. Miaka ya sabini, asema, wao walikuwa wakienda filamu za Kihindi na dada zao na za karate na makaboi peke yao, na baada ya senema mtaa mzima ulikuwa ukitembea kama kaboi, miguu wazi, mikono mbali na kiuno. Nyanya athibitisha. Asema alimchapa kwa kutembea hivyo akienda msikitini.

Na juu ya makaboi wote kulikuwa na Django.

Tumekua tukisimuliwa Django. Mwanamume aja mjini peke yake kwa miguu, kwenye tope, yuwaburura jeneza. Mji mzima waogopa. Hakuna ajuaye ndani ya jeneza mna nani. Mjomba alikuwa akifika hapo anasimama, ananyoosha mkono nyuma kama anavuta kamba, na sisi watoto tulikuwa tukijisogeza mpaka karibu na ukuta. Halafu siku ya siku maadui wamkamata. Wamwekea mikono juu ya gogo. "Wakamkata!" Mjomba alikuwa akipiga kiganja kwenye baraza. "Panga! Huu! Na huu!" Django atambaa makaburini bila mikono, bastola aishika kwa meno.

"Kwani alikufa?" tuliuliza kila mara.

"Steringi hafi."

Hiyo ilikuwa sheria. Anayejua filamu za vibanda vya video, zile zilizotafsiriwa na akina DJ Afro, anaijua sheria hii kuliko katiba. Steringi ndiye mwenye filamu. Atapigwa, atachomwa, atapoteza ndugu zake wote dakika ya kumi, lakini hafi. Hata michezo yetu ya utotoni ilikuwa ni ugomvi wa nani awe steringi, na aliyeshindwa akawa adui, na adui kazi yake ni kufa vizuri.

Baada ya binamu kuiweka simu kifudifudi, niliitafuta *Django* nikaitazama kwa mara ya kwanza maishani, usiku, sauti chini. Ni ya mwaka 1966, ya Mwitaliano Sergio Corbucci, na steringi ni Franco Nero. Jeneza lipo. Tope lipo, tena kuliko nilivyosimuliwa. Ndani ya jeneza mna bunduki ya rashasha. Lakini panga hakuna. Mikono ya Django haikatwi. Wanaiponda kwa kitako cha bunduki, kisha farasi wanaikanyaga. Kuna mtu akatwa sikio, hilo kweli, lakini si Django. Nikairudisha nyuma nihakikishe. Lile panga lilikuwa la Mjomba. Alilitia yeye, kwenye baraza ya Kibokoni, kwa sababu kwa mtoto wa Mombasa farasi ni habari ya mbali ila panga liko nyuma ya kila mlango.

Kesho yake nikamwambia. Akanitazama kama nimemtukania mamake.

"Nilikuwepo," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Kwa hivyo filamu ya kaboi na panga tayari ilikuwepo. Ilikuwa imeonyeshwa kwetu kila Ramadhani baada ya futari, bila pazia. Nikamwambia binamu, tumvalishe kofia. Tumtoe huyu wa jaketi. Muuaji awe kaboi.

Alifikiri. "Kofia kubwa?"

"Kubwa sana."

Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kucheka kuhusu kitu chenye panga tangu nyuzi kumi na nne.

Si wazo jipya, na hilo lilinipa moyo. Kule Niger, mwaka huo huo wa 1966 wa *Django*, Moustapha Alassane alitengeneza filamu fupi iitwayo *Le Retour d'un aventurier*: kijana arudi kijijini kutoka Marekani na mzigo wa nguo za kikaboi, awagawia wenziwe, wapeana majina mapya, na mchezo wageuka fujo ya kweli kijiji kikashindwa nao. Miaka ya hamsini Kinshasa, wakati ikiitwa Léopoldville, kulikuwa na vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakivaa skafu na kugawana mitaa kama wako Texas. Na Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitoa *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki za vyuma chakavu, damu ndani ya mipira ya kondomu. Mwanzoni ilikuwa damu ya ng'ombe, mpaka mwigizaji akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Nabwana mwenyewe amesimulia kwamba utotoni waliokwenda senema ni ndugu zake, yeye alisimuliwa. Niliposoma hilo nilimwonyesha Mjomba. "Waona?" akasema, kana kwamba kuna kesi ameshinda.

Kofia tulinunua Kongowea, mitumba, shilingi 450, imeandikwa ndani jina la mji fulani wa Australia. Panga lilikuwa kadibodi ya katoni ya mafuta ya kupikia, tukalifunga karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula. Jeneza hatukuthubutu. Kwetu jeneza ni la msikiti na kila mtu amelibeba, huwezi kuliburura mtaani ukategemea watu wakuchekee. Kaboi wetu alikuwa akiburura mkokoteni.

Jina la filamu lilikuja lenyewe. Filamu za makaboi ni za magharibi. Na magharibi kwetu ni saa. Kila mtoto wa pwani ameitwa ndani ikilia adhana ya magharibi, "ingia, saa mbaya hii," saa ambayo vitu visivyoonekana vinapita njiani na ukiwagonga watakugonga. Muuaji wetu anatoka saa hiyo. Tukaiita *Saa ya Magharibi*, na nilijiona nimemaliza kazi kabla sijapiga hata picha moja.

Halafu ndio matatizo yakaanza, na la kwanza ni ambalo hakuna kitabu kilichonitahadharisha: huwezi kutengeneza slasha Mji wa Kale, kwa sababu hakuna mahali ambapo mtu yuko peke yake.

Fikiria. Filamu hizi zote zahitaji upweke. Nyumba ya shamba Texas, kambi ya ziwani, kitongoji cha Marekani ambapo msichana anagonga mlango wa jirani na jirani azima taa. Filamu za makaboi nazo vilevile, jangwa, mji uliohamwa, upepo. Sisi tuna Kibokoni. Kichochoro chetu kina upana wa mikono yangu miwili. Kuna baraza kila nyumba, kila baraza ina mzee, kila dirisha la juu lina mama. Dada aliyekubali kuigiza msichana wa mwisho, jirani yetu anayesomea upishi, alisimama katikati ya onyesho la kwanza akashika kiuno.

"Mimi sikimbilii ghorofani," akasema. "Kwani mimi ni mjinga? Nikipiga kelele hapa si watoka watu thelathini?"

Nikamwambia kwenye filamu hawatoki.

"Kwa nini hawatoki?"

Sikuwa na jibu. Wakati tunabishana, mama mmoja dirishani alikuwa ametega sikio. "Mwanangu, mie ntatoka," akasema. "Na kinu."

Tukaibadilisha. Ukiiona filamu, utaona kuwa kila muuaji anapokaribia kuua, mtu apita. Muuza kahawa na buli lake. Watoto wa chuo na juzuu zao. Mzee auliza njia ya Ndia Kuu, na kaboi, panga mkononi, amwelekeza. Ilitoka kichekesho zaidi ya nilivyokusudia. Ila kuna mmoja tu ambaye hakuna anayepita wakati wake, na huyo ndiye tuliyempiga picha usiku, na usiku huo ndio nataka kuusimulia.

Ilikuwa baada ya isha. Kichochoro kimoja kisicho na baraza, nyuma ya nyumba iliyoporomoka nusu. Kibali cha kurekodi hatukuwa nacho. Sheria, Sura ya 222, yataka leseni, na sisi bajeti yetu ilikuwa ya viazi karai vya waigizaji. Tulikuwa watatu. Taa ilikuwa tochi ya simu ya dada, tumeizungushia leso ya rangi ya machungwa ifanane na jua la kuzama. (Jua la kweli halikutusaidia. Kaboi anatakiwa aondoke akielekea linapotua, na Mji wa Kale umeipa bahari uso wa mashariki. Wetu akilifuata jua atatokea Marikiti, kwenye viazi na vitunguu.) Dada alikuwa ameshapakwa mabuyu shingoni na kifuani. Binamu alitakiwa atokee gizani akimbie kuja kwenye kamera, panga juu.

Alikimbia vizuri. Alikimbia mno, kofia ikamtoka. Nami sikusema kata, kwa sababu ghafla ilikuwa kweli. Bila kofia alikuwa kijana mwembamba mwenye shati jeusi akija na panga linalong'aa, na msichana mwenye damu akipiga ukelele mbele yake. Nilishika simu kwa mikono miwili nikafurahi.

Waliotokea nyuma yetu walikuwa vijana wa mtaa wa pili, kama saba. Siwalaumu. Walichoona ndicho nilichoona mimi. Mmoja alikuwa na bomba la maji, mwingine na kipande cha boriti. Mtu akasema "Ndio wao hao, wamefika mpaka huku." Wa boriti alishampiga kabla sijafungua mdomo, na binamu akauinua mkono kujikinga kichwa. Mkono wa kushoto. Ule ule.

Dada alipiga kelele "Ni senema! Ni senema!" lakini na ile damu ilizidisha tu mambo. Panga lilikuwa limeanguka na kukunjika katikati kama bahasha, na hata hilo hakuna aliyeliona. Watu walianza kuja kutoka pande zote mbili. Nimewahi kuona mwizi akipigwa, Nairobi, na najua jinsi sauti ya umati inavyobadilika kabla tu ya kufika mahali ambapo hairudi. Sikuwa na maneno. Mtu anayelipwa kwa maneno. Nilichofanya ni kuinama, nikaitoa kofia mtaroni, nikapita katikati yao nikamvalisha kichwani.

Ilikuwa imelowa. Iliangukia hadi kwenye nyusi. Alisimama hapo na kofia ya Australia, yatona maji, mkono umeinuliwa.

Ukimya ulikuwa mfupi. Mzee mmoja wa kwenye kahawa, aliyekuwa amechelewa kufika na bado ana kikombe mkononi, akasogea, akamtazama chini hadi juu.

"Ebu muacheni," akasema. "Si Django huyu?"

Kicheko kilianzia kwa wazee. Vijana walichelewa kukielewa lakini walikifuata. Wa boriti aliomba radhi mara tano, akamshika binamu bega, kisha, wallahi, akauliza kama kuna nafasi ya kuigiza. (Tulimpa. Afa dakika ya nane, na afa vizuri.)

Tulirudi nyumbani. Mkono ulivimba, haukuvunjika. Nyanya aliukanda kwa maji ya chumvi na hakusema lolote, na kutosema kwa Nyanya ni hotuba. Juu chumbani binamu akaniuliza kama kamera ilikuwa ikirekodi. Nikasema ndiyo.

"Nipe."

Sekunde 47. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile na huenda sitapiga tena. Mbio zake, ukelele, mwanga wa leso, halafu picha inayumba, sauti za wanaume, boriti. Alitazama mara ya kwanza. Alitazama mara ya pili akasimamisha pale anapokimbia bila kofia, akaikuza picha kwa vidole viwili, akajitazama uso. Alitazama mara ya tatu mpaka mwisho. Halafu akaifuta, akaenda kwenye lile sanduku la vilivyofutwa, akaifuta na huko.

Sikumzuia. Ningependa kusema sikutaka kumzuia.

Ilibaki onyesho la mwisho, na hapo tuligombana sisi watatu. Dada alitaka muuaji afumbue jicho. Ndivyo zinavyoisha, alisema, na alikuwa amezitazama nyingi wiki hizo kuliko sisi: msichana amemshinda, ameondoka, kamera yarudi kwa maiti, jicho lafunguka, pazia. Ili kuwe na ya pili. Nami nilikuwa upande wake. Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyo. Nikasema Carpenter huyo huyo wa *Halloween* alikulia kwenye filamu za makaboi. Kwamba filamu yake ya kabla ya hiyo, *Assault on Precinct 13* ya mwaka 1976, ni *Rio Bravo* iliyohamishiwa Los Angeles, hata jina alilolitumia kama mhariri, John T. Chance, ni la yule sherifu aliyeigizwa na John Wayne. Kwa hiyo, nikasema, slasha ni filamu ya kaboi iliyopinduliwa. Kule steringi hafi. Huku adui hafi. Wameihamisha tu sheria kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hofu yote inatoka hapo, kwamba mtu asiyekufa si wetu tena.

Nilijiona nimesema kitu. Binamu alikuwa akijifunga bendeji.

"Mimi kila siku nashuka matatu pale," akasema. "Kila siku yuko hai. Sihitaji senema kuniambia hafi."

Dada akaanza kusema ya pili je. Akamkata.

"Nikilala, nalala. La sivyo tafuteni kaboi mwingine."

Tulikwenda ngazi za Leven, karibu na bandari ya kale, saa kumi na mbili jioni. Maji yalikuwa yamejaa. Ng'ambo Nyali taa za kwanza zilikuwa zikiwaka, na nyuma yake, ambapo hutaona, Kisauni. Dada alimsukuma, naye akaanguka ngazi tatu kama tulivyofanyia mazoezi, akalala chali na kofia kifuani. Nikamwagia kikombe cha mabuyu, cha mwisho, kilichokuwa moto bado. Nikarudi nyuma, nikaanza kurekodi.

Tatizo la damu ya mabuyu ni sisimizi. Walikuja kabla ya dakika moja, mstari mmoja kutoka kwenye ufa wa ukuta, wakapanda shingoni, wakaenda sikioni. Niliwaona kwenye kioo cha simu. Nilimwona mmoja akitembea juu ya kope. Hakupepesa. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa Mandhry, ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka zikawa juu yetu zote pamoja, na mwanga ukawa unakwisha usoni mwake kidogo kidogo.

Nikasema kata.

Hakuinuka. Dada akataka kumwendea, nikamshika mkono. Tukakaa ngazi ya juu tukamngoja, na sisimizi wakila.